Nimemkuta mwalimu wangu wa darasa la tatu stendi nikanyamaza. Nimtafute au niache?

ratiba_alfajiri

Wakuu habari za saa hizi. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa, nyumbani nikiliongea wife anacheka anasema mtu mzima na mvi zako unaogopa bibi wa watu, kwa hiyo nimelileta huku. Ni refu kidogo mnivumilie.

Mi nafanya kazi ofisi ya tiketi ya mabasi pale Mbezi, Kituo cha Magufuli, jina la kampuni tuliache. Kazi yangu ni kupanga ratiba na kugombana na abiria walioachwa. Na wengi wanaoachwa sio wazembe, shida ni saa. Tiketi inatoka kwenye mfumo imeandikwa 05:00, sisi tunajua hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, abiria anaona tano anajua ni saa tano, anakuja saa nne na nusu anajiona kawahi kabisa kumbe basi lishapita Morogoro. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe 2023 ndo imekuwa balaa zaidi maana kuna tatu ya asubuhi na tatu ya usiku na kila mtu anasoma anavyojua.

Sasa siku hiyo kaja bibi mmoja anakwenda Singida, kaachwa kwa style hiyohiyo. Mjukuu ndo alimkatia kwenye simu akamwambia bibi gari yako saa tano. Bibi hakufoka wala nini, akakaa kwenye benchi akavua miwani akawa anaifuta na kanga huku anaongea peke yake, "mimi nimefundisha saa miaka thelathini, leo nimepotezwa na mjukuu."

Aisee nilihisi baridi. Sauti ile ile. Nikatazama jina kwenye orodha ya abiria, ndo mwenyewe.

Ngoja niwape historia ndo mtaelewa kwanini nilinyamaza. 1989 nilikuwa darasa la tatu, kijiji fulani wilaya ya Manyoni. Nyumbani ni mbali na shule na hatuna saa wala redio, baba alikuwa anajua muda kwa treni ya reli ya kati ikipita, na treni yenyewe mnaijua, ikiamua kuchelewa inachelewa siku nzima. Kwa hiyo mi nilikuwa mchelewaji namba moja wa shule. Kila siku mstarini nakula viboko viwili, ilishakuwa kama chai. Sikuwa nalia tena, nilikuwa nafika nakwenda moja kwa moja upande wa wachelewaji bila kuambiwa.

Siku moja huyu mwalimu akanivuta pembeni akasema kuanzia kesho wewe ndio kengele. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori imening'inizwa kwenye mwembe, unaigonga na kipande cha nondo. Nikadhani ananitania, mchelewaji awe mpiga kengele? Akavua saa yake ya mkononi akanipa. Mkanda ulikuwa mkubwa, akautoboa tundu nyingine kwa msumari wa moto, bado ukawa unazunguka, nikawa naivaa juu ya kiwiko kama hirizi.

Na kuisoma sikujua. Saa imeandikwa saba watu wanasema saa moja, mtoto utaelewa vipi? Alichora duara kwenye mchanga akaweka punje 12 za mahindi, akasema ukiona mshale mfupi unaelekea saba usiisome saba, vuka ng'ambo ya pili ya duara usome iliyotazamana nayo. Saba ng'ambo yake moja. Nane ng'ambo yake mbili. Kumi na mbili ng'ambo yake sita. Kashika kidole changu akakivusha katikati ya duara kutoka punje hadi punje mara nyingi tu mpaka kikaanza kuvuka chenyewe. Hadi leo abiria akinibishia dirishani namchorea duara nyuma ya tiketi, vijana wa ofisini wananiita mzee duara.

Basi sikuchelewa tena. Jogoo la kwanza niko njiani, nafika shule giza nakaa chini ya mwembe na saa naiangalia. Mtu mzima nikifikiria naona hakuniambia hata siku moja "acha kuchelewa".

Sasa dhambi yenyewe. Baada ya kama miezi miwili nikiwa nagonga rimu ile saa ikaporomoka mkononi ikagongana na nondo, kioo kikapasuka na mishale ikasimama. Niliogopa mpaka nikajisaidia kidogo (msicheke). Mwalimu mkuu alipouliza nikasema ni rafiki yangu, tuliyekuwa tunakaa dawati moja, alikuwa anaichezea. Jamaa kapigwa mbele ya shule nzima. Alinitazama tu. Hakusema kitu na mi sikusema kitu, na mpaka tunamaliza la saba hatukuwahi kuliongelea.

Mwalimu mwenye saa yake alipokuja akaipokea akaitia kwenye mkoba, akasema "haya, kesho tutatumia kivuli". Kweli kesho yake akanipeleka kwenye mlingoti wa bendera, tukaweka jiwe pale kivuli kinapofika saa nne ya mapumziko na jiwe lingine la saa sita. Ikifika kipindi mawe yanakataa, kivuli kimehama, tunahamisha mawe. Mwezi wa tano kivuli cha saa sita kilikuwa kinalala upande wa kusini, mwezi wa kumi na moja kikalala kaskazini, ndo akanieleza kwamba jua nalo linasafiri, linatupita juu ya vichwa linakwenda na kurudi. Nilipokuja kufundishwa mambo hayo sekondari wenzangu wanakariri mi nilikuwa naona mlingoti.

Turudi stendi. Huyo bibi nilimtafutia kiti gari ya saa sita nyuma ya dereva, nauli nikafidia mfukoni mwangu, nikamwambia tu kampuni imemsamehe. Akanishukuru akaniita mwanangu. Nikashindwa kusema mimi ni nani. Maneno yalifika hapa kwenye meno yakarudi, kwa sababu nikisema mi ni mpiga kengele wako atauliza habari ya saa.

Namba ya simu iko kwenye mfumo. Nimpigie? Nikimpigia naanzia wapi? Nilifikiria nimnunulie saa nzuri nimtumie kwenye basi bila jina. Nishaurini wakuu.

---

njugu mawe

Piga simu mkuu. Unasubiri msiba ndo utoe rambirambi na hotuba?

---

Dirisha la Pili

Uzi mtamu ila mkuu kuwa makini. Hiyo namba mteja kaitoa kwa ajili ya safari sio kwa ajili yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, mwajiri wako akijua unachomoa namba za abiria kwenye mfumo kwa shughuli binafsi una kesi ya kujibu, hata kama nia ni njema. Tafuta njia ya kijijini, lazima kuna mtu anamfahamu.

---

njugu mawe

@Dirisha la Pili wewe ndo wale mliokuwa mnamkumbusha mwalimu kwamba hajakusanya homework.

---

Mzee wa Chaki Nyeupe

Vijana salamu. Naongea kutoka upande wa pili wa meza.

Mimi niliingia kazini 1978, wale walimu wa UPE. Wadogo hamjui, baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi iliamua kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, walimu hakuna, ikabidi tuchukuliwe sisi tuliomaliza la saba tufundishwe ualimu huku tunafundisha. Asubuhi nina darasa la watoto zaidi ya themanini, jioni mimi mwenyewe mwanafunzi. Nimestaafu 2019. Kiinua mgongo tusiongelee hapa nitapandisha presha.

Ratiba, nakwambia jambo ambalo labda hutalipenda. Yawezekana hakukumbuki. Kila mwaka wanapita watoto mia, ukizidisha mara miaka thelathini kichwa hakiwezi. Mimi nikisimamishwa barabarani, shikamoo mwalimu ulinifundisha la tano, naitikia marahaba mwanangu umekuwa mkubwa, huku moyoni natafuta huyu ni nani na simpati. Yule alinichangamkia benki mwaka jana akasema nilimwambia maneno fulani ndio yaliyomfanya akasome unesi. Maneno yenyewe sikumbuki kuyasema, na kwa jinsi ninavyojijua labda nilikuwa nawaambia darasa zima ili wanyamaze.

Wale tunaowakumbuka ni wale tuliowakosea. Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa na binti anaandika kwa mkono wa kushoto, nikaufunga ule mkono na kitambaa kwenye dawati ili atumie wa kulia. Ndivyo tulivyoona kwa wakubwa zetu na tulidhani ni malezi. Aliacha kuandika kabisa, akawa anakaa tu anatazama daftari, darasa la nne akaacha shule. Uso wake ninauona mpaka leo kuliko wa yeyote aliyekwenda chuo kikuu. Sijui yuko wapi.

Ushauri wangu, usimtumie saa bila jina, mzee akipata kifurushi kisicho na mwenyewe anaogopa. Na usianze na pesa. Ukianza na pesa inakuwa sadaka. Piga, toa shikamoo yako, taja kijiji na mwaka, nyamaza usikilize.

---

Mkorofi wa Nyuma

Samahani nitaharibu hali ya hewa. Hizi nyuzi za kusifia walimu zinanichefua kidogo. Mmesoma vizuri alichoandika? Mtoto anapigwa KILA SIKU kwa sababu kwao hawana saa. Mwingine kapigwa mbele ya shule nzima kwa kosa ambalo sio lake. Halafu tunatoa machozi kwa ajili ya mwalimu mmoja aliyefanya kitu cha kawaida ambacho wote walitakiwa kufanya, yaani kumuuliza mtoto kwanini unachelewa.

Kanuni za viboko zilizotoka 2002 zinasema visizidi vinne, mwalimu mkuu ndo achape au atoe idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Nani humu ameshawahi kukiona hicho kitabu? Kenya walishapiga marufuku kabisa tangu 2001.

Mimi mwalimu wangu wa hisabati la tano alikuwa ananisimamisha mbele anawaambia wenzangu "huyu ni kopo". Nina miaka 38, nina duka la vifaa vya ujenzi, mahesabu ya bati na mbao napiga kichwani haraka kuliko kikokotoo, ila mteja akinisimamia pembeni anitazame nikijumlisha mkono unatetemeka natafuta simu. Huyo naye ni mwalimu aliyeacha alama, mbona hamumtafutii saa?

---

mama_wa_tatu

@Mkorofi pole ndugu yangu. Hilo la kopo limenigusa, mi niliitwa gunia.

Ila sidhani mleta uzi anasifia. Mi nimesoma naona anayemsumbua sio mwalimu, ni yule rafiki wa dawatini. Mkuu rudi ukasome ulichoandika, umemaliza na saa ya kununua, jamaa aliyekulia viboko umempa mistari miwili ukampita.

---

Kamba Mbichi

Jirani kutoka Nakuru hapa, hii stori imenibamba. Sisi huku 2019 tulitembea kifua mbele wakati Bradha Peter Tabichi wa Keriko kule Njoro alipewa ile tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja, mtu alikuwa akigawa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia watu. Vizuri sana, anastahili. Lakini wengi wetu mwalimu aliyetutengeneza hata gazeti la mtaa halimjui.

Wangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili darasa la sita. Vitabu vilikuwa vinne, sisi tuko hamsini na kitu. Basi jamaa alikuwa akienda buchari anaomba magazeti ya kufungia nyama, yanakuja na damu na mafuta, anatugawia vipande tusome halafu tuandike mwenyewe habari imeishaje kwa sababu kipande kimekatwa katikati. Huwezi amini insha zilizotoka hapo. Niliandika ya ng'ombe aliyeshtakiwa kortini, kumbe habari yenyewe ilikuwa ya kesi ya shamba tu. Mpaka leo nikinunua nusu kilo lazima nisome karatasi kabla sijatia nyama sufuriani, bibi yangu analalamika mafuta yanaganda. Siku hizi wanafunga kwa karatasi za kaki zisizoandikwa kitu, hapo ndio naona dunia imeharibika.

Piga simu bro.

---

Mtu wa Mwisenge

Kumbukeni hata Mwalimu Nyerere alikuwa na mwalimu. Alianza Mwisenge pale Musoma 1934, akafundishwa na Mzee James Irenge, na huku kwetu habari ya Nyerere huwezi kuimaliza hujamtaja Irenge. Na Nyerere naye alikuwa mwalimu wa Pugu mpaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Urais ameacha, ualimu jina halikumtoka mpaka anaingia kaburini. Ni hayo tu.

---

Mkorofi wa Nyuma

@Mtu wa Mwisenge nilijua tu lazima mtu amlete Nyerere. Haijawahi kupita uzi.

---

ratiba_alfajiri

Wakuu nimerudi. Nimewasoma wote, @mama_wa_tatu umenikosesha usingizi siku mbili sikusamehi.

Ya namba nilimwelewa @Dirisha la Pili, nikaiacha ya kwenye mfumo, nikampigia shemeji yangu yuko Manyoni, kazunguka zunguka nikapata namba ya huyo mjukuu. Kumpigia mjukuu ikawa mtihani mwingine. Nimejitambulisha vizuri tu, kijana akanijibu "bro bibi hana hela na hiyo namba ya kutumia hela hatutumi". Kadhani mi ni tapeli. Nikampigia tena akakata. Nikatuma meseji ndefu nikamtajia ile siku ya saa tano na gari ya saa sita, hapo ndo akapiga mwenyewe anacheka, akampa bibi simu.

Nikatoa shikamoo. Nikataja kijiji, mwaka, nikasema mimi ndiye niliyekuwa napiga kengele. Kimya. Akauliza, kengele yupi, maana wapiga kengele wangu walikuwa wengi. Mzee wa Chaki ulisema kweli! Kumbe kila mwaka alikuwa anamchukua mchelewaji mmoja mbaya kuliko wote. Miaka yote hii najiona mteule kumbe nilikuwa kwenye foleni. Nilicheka mpaka machozi, ila kuna kitu kilinichoma kidogo siwezi kuficha.

Nikamwambia mimi ndiye niliyevunja saa. Akasema aah, wewe! Saa alikumbuka. Akasema ile saa mbona ilikuwa mbovu toka zamani, ilikuwa inabaki nyuma kila siku, alikuwa anairekebisha kila asubuhi kwa taarifa ya habari ya RTD ndo ananipa, na ilipovunjika alishukuru kupumzika. Tena akasema kivuli kilikuwa sahihi kuliko ile saa.

Nikafikiri yamekwisha, nikaanza kuuliza afya, miguu, mvua huko vipi. Akanikatisha. Akauliza, "na mwenzio je, yule uliyemuachia viboko?"

Wakuu, alikuwa anajua. Alijua siku ile ile. Nikamuuliza sasa mwalimu mbona hukusema? Akasema alipotoka mjini mtoto alishapigwa, na angeniadhibu mimi tungekuwa wawili tuliopigwa na saa bado mbovu. Halafu akasema alikuwa anasubiri niende mwenyewe, akasubiri mpaka akahamishwa shule. Alisema kwa sauti ya kawaida tu kama mtu anahesabu madaftari, akauliza tena yuko wapi. Nikasema sijui. Akasema basi ukijua unipigie, sikukatizi, dakika zako zinakwenda.

Saa sijamnunulia. Nimeuliza kijijini wanasema jamaa alihamia Itigi miaka ya 2000 mwanzoni, wengine wanasema anatengeneza baiskeli karibu na stesheni, wengine wanasema alikwenda machimboni akarudi. Jina siliweki hadharani. Ni mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto, aliangukia jembe tukiwa la pili kwenye shamba la shule. Kama kuna mwana jukwaa yuko Itigi au anapita huko mara kwa mara aje PM. Nina off Jumamosi, nimeshakata tiketi, inasema 06:00 na nitakuwepo saa kumi na mbili kasoro robo.